Kuendesha Gari la Farasi Uingereza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wageni

Majibu haya ni kwa ajili ya Waswahili wanaoishi Uingereza ambao wameliona gari la farasi likipita barabara ya kijijini, wakasimama kutazama, kisha wakaenda zao wakidhani ni jambo la wenyewe. Nami nilipita hivyo mara nyingi. Nimezaliwa Lamu, ambako punda ndiye gari, na huu ni mwaka wa tisa tangu nishike hatamu za farasi kwa mara ya kwanza huku kaskazini. Kila msimu napokea wageni kwenye klabu yetu, na maswali ni yale yale.

Mchezo wenyewe ni nini hasa?

Ni kumwongoza farasi mmoja, wawili au wanne wanaovuta gari, ukiwa umekaa garini, si mgongoni mwao. Wengi hufanya kwa kujifurahisha: Jumapili asubuhi, njia ya shambani, chupa ya chai chini ya kiti. Wengine hushindana.

Mashindano kamili yana sehemu tatu. Ya kwanza ni dresaji. Katika uwanja maalumu (ule mkubwa ni mita 100 kwa 40), farasi anapitishwa kwenye mienendo iliyopangwa, na waamuzi wanatoa alama kuanzia 0 hadi 10 kwa kila tendo. Ya pili ni marathoni, safari ya kilomita kadhaa mashambani na misituni. Njiani mna vizuizi vya magogo, vilima na maji, na kila kizuizi kina milango yenye herufi A mpaka F. Lazima uipite kwa mpangilio, kibao chekundu kikiwa kuliani kwako na cheupe kushoto. Ya tatu ni koni: jozi za koni zenye mipira juu, na nafasi kati yake inazidi upana wa magurudumu yako kwa sentimita 20 hadi 40 hivi. Ukiangusha mpira, unapata adhabu ya pointi 3.

Kanuni za kimataifa zilitungwa mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa msukumo wa Mwanamfalme Philip, mume wa Malkia Elizabeth, aliyekuwa rais wa shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi tangu 1964 hadi 1986. Mashindano ya kwanza ya ubingwa wa Ulaya kwa magari ya farasi wanne yalifanyika Budapest mwaka 1971, na ya dunia Münster, Ujerumani, mwaka uliofuata. Yeye mwenyewe alianza kuendesha baada ya kuacha polo, akiwa na miaka 50. Nalitaja hilo kwa sababu wengi wanaonijia wana miaka 40 na ushee na wanadhani wamechelewa. Alipofariki mwaka 2021 akiwa na miaka 99, gari lake la kijani liliwekwa uani kwenye kasri la Windsor siku ya mazishi, limefungwa farasi wake wawili wadogo weusi. Kitini palikuwa na kofia yake, glavu zake, na kikopo chekundu cha vidonge vya sukari alivyozoea kuwapa farasi. Niliitazama picha ile nikaielewa kuliko hotuba yoyote. Kila mwendeshaji ninayemjua ana kikopo chake.

Je, lazima niwe na farasi wangu?

Hapana. Na ukija kwetu ukasema unataka kununua farasi kabla hujajifunza, tutakukalisha tukuombe usubiri.

Mlango halisi wa kuingilia ni usaidizi. Gari la mashindano halisafiri na mtu mmoja. La farasi mmoja au wawili linahitaji msaidizi mmoja wa kusimama nyuma, na la farasi wanne linahitaji wawili. Wasaidizi hao hutafutwa kila wiki na hawapatikani kwa urahisi. Kwenye marathoni msaidizi ndiye anayelisawazisha gari kwa uzito wa mwili wake kwenye kona, na ndiye anayemkumbusha mwendeshaji mlango upi unafuata. Kwenye sehemu nyingine anashika farasi, anafuta vumbi, anahesabu dakika. Ukijitolea kuwa msaidizi mwaka mmoja utakuwa umejifunza mambo ambayo hayafundishwi kwa ada, na huenda mwenye farasi akakwambia siku moja, kaa hapa mbele, shika.

Sijawahi hata kupanda farasi. Nifanyeje?

Njoo hivyo hivyo. Mpanda farasi hutumia miguu, nyonga na uzito wa mwili kumwambia farasi la kufanya. Mwendeshaji hana hivyo vyote. Ana sauti, hatamu na mjeledi, basi. Nimewafundisha wapanda farasi hodari ambao kwa wiki nzima walikuwa wakibana magoti kwenye kiti cha gari kana kwamba kiti kitasikia.

Nyumbani niliendesha mkokoteni wa punda. Itanisaidia?

Itakusaidia sana, na itakusumbua kidogo.

Itakusaidia kwa sababu humwogopi mnyama, unasoma masikio yake, na mwili wako unajua kwamba kuna kitu kizito nyuma kinachofuata na hakisimami papo hapo. Mtu aliyepita na mkokoteni sokoni Jumamosi, katikati ya bodaboda na mabakuli ya nyanya, ana utulivu ambao mgeni wa mjini anauhangaikia miezi.

Itakusumbua kwa sababu ya mkono. Wengi tulizoea kumwongoza punda kwa fimbo na makelele, kigwe kikiwa cha kuvuta tu. Huku mkono hautakiwi kuvuta. Unatakiwa kuwa na mawasiliano mepesi na kinywa cha farasi muda wote, kama unavyomshika mtoto mkono mnapovuka barabara: humburuti, lakini humwachii. Lijamu ni chuma ndani ya kinywa. Kila unachofanya kwa vidole vyako kinafika pale kikiwa kimekuzwa na urefu wa hatamu. Mimi mwenyewe iliniuma kugundua kwamba kwa miaka yote ya utotoni nilikuwa nikimpigia punda wetu kelele za jambo ambalo angelielewa kwa mnong'ono.

Siku ya kwanza itakuwaje?

Hutaendesha mara moja. Utaanza kwa ubao.

Ubao ni kifaa cha mbao chenye hatamu mbili za kweli zinazopita juu ya roda, na mwishoni zimefungwa vizito. Unakaa kwenye kiti mbele yake, unashika hatamu, unafanya mazoezi ya kugeuza kulia na kushoto huku vizito vikipanda na kushuka. Ukivuta mno, kizito kinaruka. Ukilegeza, kinaanguka. Hakuna mnyama anayeumia wakati vidole vyako vinajifunza, na ndiyo maana naupenda. Watu hucheka wakiuona. Baada ya dakika kumi mkono wa kushoto unatetemeka na hakuna anayecheka.

Mtindo tunaofundisha unaitwa wa Achenbach, kwa jina la Mjerumani Benno von Achenbach, aliyezaliwa mwaka 1861. Yeye aliupata msingi wake kwa Edwin Howlett, Mwingereza aliyefundisha uendeshaji Paris, kisha akaupanga vizuri. Hatamu zote mbili hukaa mkono wa kushoto: ya kushoto inapita juu ya kidole cha shahada, ya kulia inapita chini ya kidole cha kati, vidole viwili vikiwa katikati yake. Mkono wa kulia unashika mjeledi na kuja kusaidia inapohitajika. Kwa kugeuza, hatutupi mikono huku na huku. Tunalegeza upande wa nje ili farasi apate nafasi ya kugeuka, kisha kumwomba kwa upande wa ndani.

Kwetu tunasema kila siku kwamba fulani ameshika hatamu za uongozi, na wengi wetu hatujawahi kuzishika hatamu zenyewe. Zishike, uone jinsi zinavyohitaji kulegeza zaidi ya kukaza.

Baada ya ubao utatembea nyuma ya farasi kwa miguu ukiwa na hatamu ndefu, bila gari. Hatua hiyo hiyo ndiyo farasi mchanga hufundishwa kabla hajafungwa chochote: hatamu ndefu kwanza, kisha aburute tairi au gogo, asikie kelele nyuma yake na agundue kwamba haimli, kisha ndipo lije gari. Siku ikiruhusu, utapanda garini mwalimu akiwa kando yako, na utashika hatamu katika mwendo wa kawaida kwenye uwanja uliozungushiwa uzio. Mimi sikubali mgeni aende nyumbani siku ya kwanza bila kuzishika, hata kwa mita mia moja.

Ni hatari?

Ndiyo, na asiyekwambia hivyo usimfuate. Mpanda farasi akianguka, farasi hukimbia peke yake. Farasi aliyefungwa gari akikurupuka, hukimbia na gari, na gari lile linamtisha zaidi, naye anazidi kukimbia. Kwa hiyo usalama wetu wote uko katika kuzuia jambo lisianze, na ndiyo maana tuna kanuni ambazo hazina mjadala.

Farasi aliyefungwa gari haachwi peke yake hata dakika moja. Hafungwi kwenye mti wala uzio akiwa na gari. Wakati wa kumfunga garini, mtu mmoja husimama mbele yake kichwani, na gari ndilo huletwa kwake kutoka nyuma. Yeye harudishwi nyuma kuingia katikati ya miti ya gari, ile miwili inayokaa ubavuni mwake. Kamba za kuvutia gari hufungwa kwanza, kisha mkanda unaopita nyuma ya mapaja yake, ule unaomwezesha kulizuia gari kwenye mteremko. Wakati wa kufungua, mkanda wa nyuma hufunguliwa kwanza na kamba za kuvutia mwisho. Mwendeshaji hupanda wa kwanza, hatamu zikiwa tayari mkononi, ndipo abiria wafuate. Kushuka, abiria kwanza, mwendeshaji mwisho.

Na kanuni kuu kuliko zote: usimvue farasi hatamu ya kichwani, yaani mikanda ya kichwa inayoshika lijamu na vifuniko vya macho, akiwa bado amefungwa gari. Hata kama kuna joto, hata kama ni mpole kuliko wote zizini, hata kama ni sekunde mbili tu unataka kumkuna sikio. Akivuliwa, unampoteza kinywa, na vile vifuniko vya macho vinatoka, ghafla analiona gari limemganda nyuma. Wanaojeruhiwa kwa kosa hili mara nyingi si wageni. Ni wazoefu waliochoka mwisho wa siku. Nikikuona unafanya hivyo nitakufokea mbele za watu, na nitakuomba radhi baadaye kwa sauti yangu, siyo kwa nilichosema.

Kwa nini farasi anafunikwa macho? Si mateso?

Hafunikwi, anazibwa pembeni. Farasi ana macho ya ubavuni, anaona karibu mzunguko mzima, nyuma pia. Gurudumu linalozunguka kila mara kwenye ukingo wa jicho ni jambo la kumtisha mnyama ambaye mababu zake waliishi kwa kukimbia chochote kinachowafuata. Vifuniko vinamwacha atazame mbele anakokwenda. Vikae vizuri tu: visiguse kope, wala visipanuke hadi akachungulia juu yake.

Na mjeledi?

Mjeledi wa gari si wa kuchapia. Ndio mguu wa mwendeshaji. Mpanda farasi hugusa ubavu kwa mguu, sisi hugusa bega au ubavu kwa ncha ya mjeledi, mguso wa kumwondoa nzi. Ndiyo maana ni mrefu: ncha inapaswa kufika begani kwa farasi wa mbele kabisa. Hukaa mkononi muda wote, hauwekwi chini, kwa sababu siku utakayouhitaji hutakuwa na nafasi ya kuutafuta. Mgeni akianza kuuchezea hewani namnyang'anya kwanza, tunazungumza baadaye.

Farasi wanaelewa lugha gani?

Swali hili hunifurahisha. Wanaelewa sauti, na maneno machache waliyofundishwa. Farasi wa huku wamefundishwa Kiingereza, kwa hiyo "walk on" ni kuondoka, "trot" ni mwendo wa matiti, ule wa kudundadunda, na "whoa", inayotamkwa kwa kushusha sauti na kuivuta, ni kusimama. Taja jina la farasi kwanza, hasa ukiwa na wawili, ili ajue ni nani anayeambiwa. Neno linalopandisha mwendo lipande. Linalotuliza lishuke na lirefuke. Farasi ninayemwendesha sasa nimemwongezea "taratibu". Aliielewa ndani ya wiki mbili, na wenzangu Waingereza sasa nao wanamwambia "taratibu", kwa lafudhi yao, naye anapunguza.

Nivae nini?

Viatu vinavyofunika vidole, na suruali au nguo isiyoning'inia kwenye magurudumu. Glavu ni muhimu kuliko unavyodhani, kwani hatamu zilizolowa mvua huteleza. Helmeti ya farasi yenye viwango, siyo ya baiskeli. Kwenye marathoni helmeti na kinga ya kifua ni lazima. Klabu nyingi zina helmeti za kuazima kwa wageni.

Dada zangu wanaovaa hijabu huniuliza kwa faragha, nami najibu hadharani ili wengine wasione haya kuuliza: vaa kilemba chepesi cha ndani, kinachobana, bila pini na bila fundo kisogoni, helmeti ikae juu yake na ipimwe ukiwa umekivaa. Nimeshindana hivyo kila msimu. Ukiwa umevaa buibui, ufunge blanketi la magotini ambalo waendeshaji wote hutumia, wanaume kwa wanawake, na hakuna kitakachopepea. Hapo nguo ya heshima ya Kizungu na ya kwetu zimekutana bila kugombana.

Wanawake na wanaume wanashindana mbalimbali?

Hapana, wanashindana pamoja. Farasi hajali.

Itanigharimu kiasi gani?

Kusaidia ni bure, na mara nyingi utalishwa. Masomo hulipiwa kwa saa kama masomo ya udereva, na bei hutofautiana sana mji kwa mji, kwa hiyo piga simu sehemu tatu kabla ya kulipa. Kinachokula pesa ni kumiliki: farasi mwenyewe, malisho, fundi wa kwato kila wiki sita hivi, daktari, gari, matandiko, na gari jingine la kuwabebea wote hao. Usiingie huko mapema.

Neno moja kuhusu matandiko ya bei rahisi: mkanda uliokauka na kupasuka ni hatari hata ukipakwa rangi ing'ae. Pinda ngozi kwa vidole kila mahali mshono ulipo. Ikionyesha nyufa, iache hapo dukani. Matandiko ya plastiki ngumu ya kisasa ni mepesi, huoshwa kwa maji, na kwa mgeni yanatosha kabisa.

Farasi wa aina gani anafaa kwa anayeanza?

Mzee. Swali la aina huja baadaye. Mwenye miaka kumi na tano aliyekwishaona matrekta, miavuli, mbwa na baiskeli ni mwalimu kuliko mimi. Mwendeshaji mgeni na farasi mgeni hawafungwi gari moja, kamwe.

Na usidharau wadogo. Farasi wa Shetland hazidi sentimita 107 mabegani, lakini anavuta mtu mzima kwenye gari jepesi bila shida, kwa kuwa kuvuta kwenye magurudumu si sawa na kubeba mgongoni. Wale wa Fell, walioendeshwa na Mwanamfalme Philip, ni wagumu na wenye akili, wametoka kwenye milima ya kaskazini tulipo. Watu wazima wengi ambao ni wazito kumpanda farasi mdogo hupata furaha yao hapa.

Nina ulemavu. Kuna nafasi?

Ipo, tena hii ni sehemu ambayo mchezo huu unajivunia kwa haki. Shirika la RDA, linalohudumia watu wenye ulemavu katika michezo ya farasi, lina vikundi vya kuendesha magari nchini kote. Yapo magari yenye ngazi ya mteremko, kiti cha magurudumu kikapanda na kufungwa ndani. Huwa na jozi mbili za hatamu: moja yako, nyingine ya mwendeshaji aliyehitimu anayekaa kando, asiyegusa mpaka pawe na haja. Ukitaka kushindana, yapo mashindano hadi ya ubingwa wa dunia.

Mtoto wangu anaweza kujifunza?

Ndiyo, akiwa na mtu mzima mzoefu garini. Aanze kwa kupiga brashi na kusafisha zizi.

Barabarani, nani ana haki?

Gari la farasi ni chombo halali cha barabarani na linakwenda upande wa kushoto kama mengine. Kanuni za barabara za Uingereza, tangu marekebisho ya mwaka 2022, zinamtaka dereva anayempita farasi aende chini ya maili 10 kwa saa, yaani kilomita 16 hivi, na aache nafasi ya angalau mita 2. Madereva wengi hawajui. Kwa hiyo vaa rangi ya kung'aa, toa ishara kwa mkono mapema, na mshukuru kila anayepunguza mwendo, hata kwa kuinua kidole. Yule aliyeshukuriwa leo atapunguza kesho akikutana na mgeni wangu. Uliza pia kama uanachama wako una bima ya madhara kwa wengine kabla hujatoka lango la shamba.

Nitawapata wapi walimu?

Yapo mashirika mawili ya kukumbuka. British Driving Society, lililoanzishwa mwaka 1957, lina wawakilishi wa maeneo ambao kazi yao mojawapo ni kumpokea mtu kama wewe na kukuelekeza. British Carriagedriving ndilo linalosimamia mashindano. Andika ujumbe mfupi, sema hujui kitu, sema unaishi wapi. Usione haya kwa Kiingereza chako.

Je, nitapokewa vizuri? Sema kweli.

Klabu ya kwanza niliyoikaribia nilisimama kando ya uzio kwa muda wa karibu saa mbili. Watu walipita na ndoo, na matandiko, na mikate yao, hakuna aliyeniuliza hata jina. Sidhani walikuwa wabaya. Walikuwa na shughuli, na kila mmoja alidhani mimi ni mgeni wa mwingine. Nilirudi nyumbani nikasema basi.

Mwaka uliofuata nilipita karibu na uwanja mwingine, na bibi mmoja wa miaka sabini na kitu, mikono imejaa, akanitazama akasema, "Njoo umshike huyu kichwa." Hakuniuliza nimetoka wapi. Nikamshika. Farasi akaniegemeza pua kifuani. Bibi yule ndiye aliyenifundisha kila kitu nilichoandika hapa.

Kwa hiyo, ndugu, uwezekano wa kusimama uzioni upo, na nakuomba usiondoke kama mimi. Msogelee mtu yeyote anayebeba kitu kizito, umwambie, nikusaidie? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe dai jembe siku ya kwanza.

Mimi ni mwenyeji wa klabu, siyo mgeni. Nifanye nini?

Swali hili liliulizwa na wenzangu watatu, na ndilo ninalolijibu kwa moyo zaidi. Klabu nyingi zinazeeka. Tunalalamika kwamba vijana hawaji, na akija mmoja tunamwachia uzio.

Mteue mtu mmoja kila siku ya mazoezi ambaye hana farasi wa kuhudumia siku hiyo. Kazi yake ni wageni tu. Amwite mgeni kwa jina, amwonyeshe choo kilipo na chai ilipo, maana mtu asiyejua choo kilipo hajatulia. Ampe kazi ya mikono ndani ya robo saa ya kwanza, iliyo ya kweli, yenye faida. Amweleze maneno yetu anapokutana nayo, siyo yote kwa mpigo. Usimpeleke mgeni kwa farasi mchangamfu ili aone ufundi wako. Mpeleke kwa yule mzee anayesinzia. Akikosea, msahihishe kwa sauti ya kawaida, isipokuwa lile la hatamu ya kichwani.

Na mpigie simu katikati ya wiki. Mtu hurudi pale alipokumbukwa. Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone: tangu tuanze utaratibu huu tumepata wasaidizi wa kutosha, na waendeshaji wetu wanne waliokuwa wamekaa nyumbani kwa kukosa mtu wa kusimama nyuma ya gari wamerudi uwanjani.

Ujuzi huu una faida yoyote nyumbani Afrika Mashariki?

Una faida kubwa, hata bila farasi hata mmoja. Lamu tunabebesha punda kwa shogi, ule mfuko wa pande mbili unaokaa mgongoni, na bara wanamfunga mkokoteni, na kote nimeona vidonda vile vile: shingoni palipopita kamba nyembamba, mgongoni palipokaa mbao, chini ya mkia. Vidonda hivyo havitokani na uzito wa mzigo pekee. Vinatokana na jinsi mzigo ulivyofungwa.

Mambo manne ninayowaandikia ndugu zangu: mkanda wa kifuani uwe mpana na laini, ukae chini ya koo na juu ya maungio ya bega, ili punda avute kwa kifua badala ya kunyongwa. Mzigo wa mkokoteni wa magurudumu mawili uwekwe juu ya ekseli, usilale mbele ukamkandamiza mgongo wala nyuma ukamwinua. Uwepo mkanda wa nyuma ya mapaja, la sivyo kwenye mteremko mkokoteni mzima utamgonga miguu. Na mgongoni pawe na tandiko lililojazwa pande mbili, uti wa mgongo ubaki huru katikati. Vyote hivi vinashoneka kwa magunia, turubai na matairi ya ndani ya baiskeli, fundi yeyote wa mtaani anaweza. Likizo iliyopita nilikaa barazani na binamu yangu tukashona mkanda mmoja wa kifuani kwa alasiri moja.

Nianze lini?

Msimu wa mashindano ya nje ni kiangazi, na wakati huo kila mtu ana haraka. Majira ya baridi kuna mazoezi na mashindano madogo kwenye mabanda makubwa ya ndani, koni na vizuizi katika uwanja mmoja, chai moto pembeni, na wazoefu wana muda wa kuzungumza. Njoo Novemba. Vaa soksi mbili.